Tochi Iliyolala kwa Wifi

1

Tunu Shekilindi aliipokea tochi ya wifi yake kwa mikono miwili, akatabasamu, na moyoni akaomba iwe mbovu.

Kupokea kwa mikono miwili ilikuwa desturi ya Chama cha Tochi. Kuomba iwe mbovu kulikuwa kwake mwenyewe. Chama kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: fundi haitolei ushahidi tochi yake. Mtu akitaka kumpokonya Mshika Njia, anayeongoza Matembezi ya pangoni, cheo chake, huipeleka tochi yake ikalale juma zima kwa mwanachama mwingine anayemchagua mwenyewe. Huyo huiwasha, huifungua, huiangusha akitaka. Siku ya Matembezi huulizwa mbele ya watu wote, "Imelalaje?" Akiona haina kasoro hujibu, "Imelala salama." Akiona inayo, huitaja. Hakuna aliyewahi kudanganya, kwa sababu baada ya jibu hilo watu wote, na yeye akiwemo, huingia pangoni nyuma ya tochi hiyo moja.

Wengi huzilaza tochi zao kwa marafiki. Asumini aliileta kwa Tunu, na Tunu ndiye aliyekuwa Mshika Njia.

"Itazame vizuri, wifi," alisema Asumini akiwa bado mlangoni. "Usinionee haya."

"Mimi na wewe tuoneane haya kwa lipi? Ingia unywe chai."

"Siingii. Namuwahi mama."

Mama huyo alikuwa mama mkwe wa Tunu. Katika kabati la vioo la mama huyo, katikati ya vikombe vya wageni, ilisimama tochi ya kwanza aliyoitengeneza Asumini, imepinda shingo, swichi inagoma. Tunu alikuwa mke wa nyumba ile tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi, na tochi zake zilisifiwa mpaka Mombasa, lakini hata moja haikuwahi kuingia kabati lile. Siku moja aliuliza, akajifanya anatania. Mama mkwe akamjibu kwa upole kabisa, "Zako si unazo kwako, mwanangu?" Jibu hilo lilimkaa Tunu kooni mwaka mzima.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyemleta Asumini ni yeye. Asumini aliporudi kutoka Korogwe na talaka yake, akawa mtu wa kukaa mkekani kutazama ukuta, Tunu ndiye aliyemshika mkono akampeleka karakana. Akampa tupa. Akamfundisha kung'arisha kioo kwa majivu na kipande cha kanga kuukuu. Akampiga kofi la mkono kila alipokaribia kugusa kilichong'aa: "Mkono wako ukae mbali na mwanga, wifi. Kidole kina mafuta, kina joto, kinaharibu." Asumini alishika kila alichofundishwa. Sasa wanachama waliokuwa wakimzunguka Tunu kwenye mikutano walikuwa wakimzunguka Asumini, na Tunu alikuwa akibaki na sahani ya kashata na mwenyekiti Mhina, ambaye alikuja kwa ajili ya kashata.

2

Kulipata giza la kujaribia tochi kulikuwa na kazi yake. Tangu enzi za bibi yake Tunu, Vioo vilikuwa angani vikirudisha jua juu ya miji. Saa ya jua kuzama ilipofika, Vioo viligeuka, na Tanga ikabaki katika mwanga wa alasiri isiyokwisha mpaka asubuhi. Watoto walisikia habari za giza kama walivyosikia habari za majini. Hapakuwa na taa barabarani wala balbu nyumbani, na vikuku ambavyo watu walivaa mkononi kwa kuongea na kupokea habari vilikuwa vya sauti tupu. Nani angetengeneza chombo cha kutoa mwanga? Ndiyo maana waliobaki wakitengeneza tochi walikuwa wachache, wabishi, na kila mmoja alikuwa na stoo nyumbani aliyoiziba kwa nguo nyeusi na gundi.

Tunu alijifungia katika stoo yake. Juu ya meza kulikuwa na mawe ya chokaa aliyoyaokota pangoni, maana tochi ya pangoni hujaribiwa kwa mawe ya pangoni. Akaibonyeza tochi ya Asumini.

Mwale ulikuwa hafifu, wa rangi ya uji wa dengu. Tunu akacheka kwa sauti. Mkuki, tochi yake ya shaba aliyoishindia cheo, ungeweza kumulika popo kwenye dari ya ukumbi wa mwisho ukamhesabu kucha. Hiki ni nini?

Akaizima, na jiwe likabaki linawaka.

Alidhani macho yanamchezea. Akayafumba, akayafumbua. Mwanga ulikuwa umekaa pale pale alipoumulika, mviringo mzuri wa kijani na dhahabu, umetulia juu ya jiwe kama siagi juu ya mkate. Alifungua tochi kwa bisibisi, na alipoona ndani alielewa. Asumini hakuwa ametengeneza mwale wa kuangaza. Alikuwa ametengeneza mwale wa kulishibisha jiwe. Chembe za chokaa zilimeza nguvu ile, zikaitema polepole, kwa saa nyingi. Unaingia pangoni unapaka mwanga ukutani, hatua kwa hatua. Betri yote inaishia kwenye mawe, na unaporudi njia yako inakusubiri imewaka. Mikono yako mitupu.

Tangu watu waanze kutengeneza tochi, kila fundi alifikiria jinsi ya kuurusha mwanga mbali zaidi. Huyu alifikiria jinsi ya kuuacha nyuma. Tunu alikaa chini kwenye kreti, na wivu ukampanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Wazo lilikuwa jepesi kiasi hicho, na halikuwa lake.

Mlango ukagongwa. Mumewe, Mbaruku, alijipenyeza na kuufunga haraka kama inavyotakiwa.

"Mbona umekaa gizani na tochi imezimwa?" Kisha akaliona jiwe. "Ah. Nani kakitengeneza hiki?"

"Dada yako."

"Mashallah," alisema Mbaruku, akakaa sakafuni akalitazama.

Akakaa sana. Tunu alimsubiri aseme kitu kuhusu chakula, au kuhusu bomba la jikoni, mambo ambayo ndiyo yaliyomleta stoo siku zote. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukaa chini kuutazama Mkuki hata kwa muda wa kumeza mate. Alipoondoka aliondoka kinyumenyume, macho bado kwenye jiwe.

Tunu hakuweza kuvumilia tena. Akalifunika jiwe kwa kiganja ili asilione.

Mwanga ukazidi. Ulipenya katikati ya vidole vyake, ukapanda, ukawa mweupe, akaona mifupa ya mkono wake mwenyewe. Akashtuka akauondoa mkono. Juu ya jiwe, katikati ya mviringo ule wa kijani, kulikuwa na kiganja cheusi. Vidole vitano vimetawanyika, hata pete ya ndoa ilionekana. Mahali pale mwanga ulikuwa umekwisha kabisa.

Akamulika jiwe la pili, akaweka juu yake kikombe cha chai. Likawaka sana, likafa. La tatu akalipumulia tu, pumzi baada ya pumzi, mdomo karibu. Likang'aa kwa furaha, kisha likafifia mpaka likawa jiwe. Joto lilikuwa likiutoa mwanga wote kwa mkupuo. Jiwe lililoachwa peke yake lingedumu. Jiwe lenye watu karibu lingewaka kama harusi kisha likazima.

Asumini hakulijua hilo, na Tunu alielewa ni kwa nini. Asumini alijaribu tochi yake peke yake, kama alivyofanya kila kitu tangu talaka, na mkono wake aliuweka mbali na mwanga, kama alivyofundishwa na wifi yake.

Tunu alifurahi. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alifurahi mpaka akaona aibu, kisha aibu ikapita, furaha ikabaki.

3

Dawa yake ilikuwa sentensi moja: msisogelee ukuta, mwachiane nafasi. Kwa sentensi hiyo Matembezi yangekwenda vizuri, Asumini angetoka pangoni akiwa Mshika Njia, na Tunu angekuwa yule mwanamke aliyemfundisha. Watu wangesema hivyo kwa mwaka mmoja, kisha wangesahau kusema.

Akaisema sentensi hiyo mara nyingi akiwa anapika, akiwa anakunja nguo, akiwa kazini anakagua lifti. Kila alipoisema aliona kabati la vioo la mama mkwe. Kilichomwokoa na dhamiri yake ni mpango mwingine, na mpango huo aliuona mzuri mno. Tuseme mwanga ukazima. Tuseme watu wakaogopa kidogo, si sana. Halafu katikati ya giza Tunu akawasha Mkuki na kuwatoa wote salama. Nani angeumia? Tena wangejifunza kuheshimu tochi ya kweli.

Kulikuwa na kikwazo. Kabla ya kuingia pangoni kila mwanachama huweka tochi yake kapuni, mlangoni, ili mshindani asisaidiwe na mwanga wa mtu. Tunu akalitafuta ganda la Mkuki wa kwanza, ule uliopasuka kioo miaka ya nyuma, akalipiga brashi mpaka likang'aa. Ukiliona hungelitofautisha na Mkuki wenyewe. Ungelishika ndipo ungejua, maana ndani hapakuwa na kitu.

4

Pango la Kwa Ngoda liko mbele kidogo ya Amboni, mlango wake umefunikwa na mizizi. Asubuhi ya Matembezi walikuwa watu ishirini na ushei, wamevaa viatu vya mpira, wamebeba sambusa. Asumini alikuwa amejitanda kanga mpya. Alimvuta Tunu pembeni, karibu na mizizi.

"Wifi, juma zima hukuniambia kitu."

"Nikuambie nini?"

"Kasoro. Haiwezi kukosa. Nimeitafuta mimi mpaka nimechoka."

Alikuwa akimtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. Tunu akaona sentensi ile imefika kwenye ulimi. Ilikuwa pale. Kisha nyuma ya Asumini akamwona Mbaruku, mume wake, mtu asiyewahi kuja kwenye Matembezi hata mara moja, amesimama na viatu vya kuazima, amekuja kumshangilia dada yake.

"Haina kasoro, wifi," alisema Tunu.

Mwenyekiti Mhina, mtu mnene mwenye utani mwingi, aligonga sufuria kwa kijiko kuwanyamazisha watu. "Tochi ya Asumini binti Saguti ililala kwa Mshika Njia. Bi Tunu, imelalaje?"

"Imelala salama."

Tochi zikaingia kapuni moja moja. Ganda la Mkuki likaingia pia, na Tunu akaliweka taratibu ili lisilie kama debe tupu. Mkuki wenyewe ulikuwa kibindoni mwake, baridi juu ya ngozi.

Wakaingia. Asumini alitangulia, akimulika ukuta kila baada ya hatua chache, na kila alipomulika mwanga ulibaki. Waliokuwa nyuma walinong'ona, kisha wakaacha hata kunong'ona. Walipita ukingo mwembamba wa Shimo la Kinu, ambalo kina chake hakuna aliyekijua, kila mtu ameshika bega la mwenzake, na ukuta wa kushoto ukiwaka kijani kama mpunga mchanga. Hatua chache baada ya hapo wakafika ukumbi wa mwisho. Asumini akazungusha mkono, akapaka kuta zote, mpaka tochi ikatoa mlio mdogo wa kuisha betri. Akaiinua wote waione, imekufa. Njia ya kurudi ilikuwa tayari imewekwa.

Watu walipiga makofi. Mama mmoja alilia. Mbaruku alisema "Mashallah" yake, kwa sauti, mbele za watu. Ukumbi ulikuwa mdogo na wao walikuwa wengi, wakajisogeza kwenye kuta waone vizuri, na kuta zikaanza kung'aa zaidi.

"Oneni, inazidi," alisema Mhina, akaweka kiganja chake chote ukutani. Wengine wakamfuata. Vicheko vikajaa ukumbini, nyuso zao zikawa nyeupe, na Asumini alikuwa amesimama katikati, mdomo wazi, kwa sababu hata yeye hakuwahi kuiona ikifanya hivyo. Kati ya watu wote mle ndani ni Tunu peke yake aliyejua wanachokitazama.

Mhina alitoa mkono. "Mbona hapa pamekuwa peusi?"

Ukuta wote ulikuwa ukifuata. Mwanga ulianza kufa chini, usawa wa miili yao, kisha juu ya vichwa, ukabaki kidogo darini, ukaondoka. Hata njia waliyopita, iliyopumuliwa na watu wote wale, ilikuwa imekwisha kuzima.

Wapenda tochi huongea sana habari za giza, lakini walikuwa hawajawahi kusimama ndani yake mikono mitupu. Hata wazazi wao hawakuwahi. Mtu akaanza kupumua kwa nguvu, mwingine akamwita mumewe, na mara wote wakawa wanasukumana kuelekea upande waliodhani ni mlango. Viatu viliburuta. Mhina alikuwa akisema "Tulieni, tulieni," na sauti yake ilikuwa ikisogea.

Tunu aliushika Mkuki kibindoni. Huu ndio ulikuwa wakati wake, kama alivyoupanga. Lakini kidole kilipogusa swichi alielewa jambo ambalo katika juma zima la kupanga hakulifikiria. Kila mtu aliuona Mkuki ukiingia kapuni. Akiuwasha, hawataona njia tu. Wataona kwamba alijua. Atawamulika wote, na wote watamtazama yeye.

Akasita. Alisubiri kidogo, akijidanganya kwamba labda watatulia, labda watatoka kwa kupapasa. Jiwe dogo likaviringika mahali fulani mbele, likaanguka, na hakuna aliyelisikia likifika.

"Msije huku." Ilikuwa sauti ya Asumini, ikitokea mbali kuliko alivyodhani. "Nimewatangulia, nimesimama mdomoni mwa shimo. Nimetanua mikono. Anayesikia sauti yangu arudi nyuma. Bwana Mhina, unanigusa. Rudi nyuma, baba yangu, tafadhali."

Tunu akauwasha Mkuki.

Mwale ulikata ukumbi, ukapita kwenye upenyo wa kutokea, ukamkuta Asumini ukingoni. Visigino vyake vilikuwa hewani. Kanga mpya ilikuwa imemwanguka begani, mikono ameitanua kuwazuia watu wanaomzidi uzito, na Mhina alikuwa mbele yake, kifua kwa kifua. Mbaruku alimrukia dada yake akamvuta ndani. Wote wawili wakaanguka ukutani.

"Alhamdulillahi," alisema mtu. "Alhamdulillahi, Bi Tunu." Na wengine wakaitikia, wakamshukuru, wakamgusa mabega, kwa muda mfupi sana. Mhina ndiye aliyeutazama mwanga ule mrefu, mweupe, asioweza kuukosea.

"Huo si Mkuki?" alisema. "Mkuki si tumeuacha nje?"

Tunu aliwatangulia kutoka, na njia nzima alisikia kwamba nyuma yake hakuna mtu aliyemshika bega.

5

Nje, jua lilikuwa limejaa anga, na watu walisimama wakikodoa macho. Asumini alikwenda kwenye kapu. Akalichukua ganda, akalipima mkononi, akaligonga kwa ukucha. Likalia kama debe. Akalirudisha polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha mgeni.

"Ningeweza kuilaza kwa Mhina," alisema. Alikuwa akimwambia Tunu, lakini kila mtu alisikia. "Angeisifu. Wote wangeisifu. Nikasema hapana, naipeleka kwa wifi. Wifi ananionea gere tangu tochi ya pili, hilo nalijua, hata mama analijua. Nikasema jicho hilo halitaacha kitu. Kama ina kasoro, wifi ataiona hata akiwa amelala."

Mbaruku alikuwa akimtazama mkewe. Kisha akainama akaanza kufunga kamba za viatu vya kuazima, ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Nakuuliza tena," alisema Asumini. "Imelalaje?"

Tunu alitaka kulia, na akaona hata machozi yangeonekana kuwa ujanja. Mkuki ulikuwa bado unawaka mkononi mwake, hafifu katika mwanga wa mchana, na hakukumbuka kuuzima.

"Inaogopa joto," alisema. "Ukiigusa, au watu wakipumua karibu, inang'aa sana, halafu inakufa. Niliiona siku ya kwanza."

Asumini aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akiitikia zamani karakana, tupa mkononi, akifundishwa.

"Ahsante, wifi," alisema. "Nitairekebisha."

Akaitoa tochi yake iliyokufa, akamkabidhi Mhina kwa mikono miwili, ilale kwake badala ya kwa wifi. Mhina akaipokea kwa mikono miwili. Kisha wanachama wakapita kapuni mmoja mmoja, kila mmoja akachukua tochi yake, wakaondoka kuelekea barabarani. Kwa sheria ya chama, mshindani akishindwa, cheo hubaki kwa mwenye nacho. Tunu alibaki Mshika Njia, na mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Kila siku ya Matembezi aliingia pangoni mbele na Mkuki wake, nao wakamfuata, na hakuna tochi ya mtu iliyolala tena nyumbani kwake.